Ukitoka Kisumu au Nakuru: Namna ya Kutumia Treni za Mitaani za Nairobi

Jumapili moja jioni kwenye stesheni ya Kisumu, mama mmoja aliyeketi nami kwenye benchi, kikapu cha omena kati ya miguu yake, aliniuliza: "Mwanangu, hii treni itanifikisha Githurai?" Nikamwambia itamfikisha Nairobi, na kwamba ya Githurai ni nyingine, ila ataipandia palepale atakaposhukia. "Sasa nitaijuaje?" Nikatoa kalamu na kipande cha risiti nimchoree. Akakataa karatasi, akaninyoshea mkono. "Andika hapa, mwanangu. Karatasi nitaipoteza."

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria yeye na wengi walio kama yeye: watu wa Kisumu, Muhoroni, Londiani, Molo, Njoro na Nakuru wenye mtoto, dada au kibarua Nairobi, ambao wakishuka mjini hukimbilia steji ya matatu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba treni ipo na inafika hadi mitaani. Mimi ni mtu wa Nakuru. Dada yangu anaishi mtaa wa Pipeline, mashariki ya Nairobi, na kwake huwa naenda kwa treni kila saa zinaponiruhusu.

Hatua ya kwanza: tofautisha reli mbili

Kabla ya tiketi na kabla ya mzigo, elewa kwamba Nairobi ina reli mbili za abiria zisizoingiliana. Kuna reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na kugusa ziwa mwezi Desemba 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Halafu kuna SGR, ile reli mpya, yenye nafasi ya milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 na kufika Suswa mwaka 2019. Gurudumu la reli moja haliwezi kukaa kwenye vyuma vya reli nyingine.

Kwako wewe msafiri, la muhimu ni hili: treni ya Kisumu inapita kwenye reli ya zamani, na treni za mitaani za Nairobi nazo zinapita kwenye reli hiyohiyo. Zinakutana kwenye stesheni kuu ya mjini, ile iliyo mwisho wa Moi Avenue ukishavuka barabara ya Haile Selassie. SGR haifiki pale. Stesheni yake, Nairobi Terminus, iko nje kabisa ya mji, upande wa Syokimau.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwenye simu, "Nitakungoja stesheni," usikate simu kabla hujamuuliza ni stesheni ipi. Na Syokimau kwenyewe kuna mbili: stesheni ya treni za mitaani, iliyofunguliwa Novemba 2012, na Nairobi Terminus ya SGR. Mgeni aliyeshushwa kwenye moja akidhani ni nyingine atatafuta boda boda huku anajaribu kueleza mahali asipopajua.

Hatua ya pili: fika Nairobi

Treni ya Kisumu ilikuwa imelala kwa miaka kadhaa. Iliamka Desemba 2021, baada ya reli ya Nakuru hadi Kisumu, zaidi ya kilomita 200, kukarabatiwa. Ratiba iliyorudi nayo ilikuwa ya wikendi: Ijumaa saa 12:30 jioni kutoka Nairobi, Jumapili saa 12:30 jioni kutoka Kisumu, na kila mara inafika asubuhi ya siku inayofuata. Wakati wa sikukuu za Desemba safari huongezwa. Kabla hujafunga mzigo, piga *639# uone siku, saa na nauli zilizopo wiki hiyo, kisha ulipe kwa M-Pesa hapohapo. Uwe na kitambulisho chenyewe mfukoni, si picha yake kwenye simu, na fika stesheni mapema.

Vaa nguo nzito. Hili nalirudia kwa watu wa Kisumu kila mara, na kila mara naona mtu amepanda na fulana. Treni inaondoka ziwani kukiwa na joto, inapita Kibos, Miwani, Chemelil na Muhoroni katikati ya mashamba ya miwa, kisha inaanza kupanda. Ikivuka Fort Ternan na Kipkelion kuelekea Londiani, umeshapanda zaidi ya mita elfu moja kutoka ulipoanzia, na kilele cha Mau kiko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Molo saa sita za usiku inaingia hata kwenye dirisha lililofungwa. Shuka moja nyepesi na soksi vinatosha kukupa usingizi.

Wa Nakuru tuna shida yetu nyingine. Treni inayokwenda Nairobi hutupitia usiku wa manane. Panga mapema na mtu wa boda boda unayemjua, na ukifika stesheni kaa penye taa na watu, usijitenge pembeni na mzigo wako. Wengi wetu huona heri matatu ya alfajiri, na siwalaumu. Ukienda kwa matatu utashukia maeneo ya River Road au Accra Road. Ingia Moi Avenue, uifuate moja kwa moja ukiteremka hadi Haile Selassie, vuka, na stesheni iko mbele yako. Ni mwendo wa dakika ishirini ukiwa na begi, na si lazima ulipe mtu akubebee.

Hatua ya tatu: iweke ramani mkononi

Hiki ndicho nilichomchorea yule mama. Nyosha mkono wako wa kushoto, kiganja kikutazame, vidole vikielekea kulia na gumba juu. Katikati ya kiganja ni Stesheni Kuu.

Gumba ni reli ya magharibi: Kibera, Dagoretti, Kikuyu, na mwisho Limuru. Hii ndiyo njia aliyoingilia mtu wa Kisumu. Ukiamka asubuhi ukaona mabati ya Kibera karibu kabisa na dirisha lako, anza kukusanya vitu, umefika.

Vidole vingine vitatu vinaelekea mashariki, na vyote vinaanzia kwenye fundo moja. Fundo hilo ni Makadara. Kila treni inayotoka mjini kwenda mashariki inapita Makadara kwanza, halafu ndipo njia zinapoachana.

Kidole cha shahada kinapanda kaskazini: Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa, Ruiru. Mama wa omena alihitaji kidole hiki peke yake, na neno moja nililoliandika kwenye ncha yake ni RUIRU. Treni huitwa kwa jina la mwisho wa safari. Ukisimama pale unasubiri kusikia "Githurai," unaweza kuiachia treni yako iondoke hivihivi.

Kidole cha kati kinakwenda Mutindwa, Donholm, Pipeline na kuishia Embakasi Village. Mtu wa Umoja au Buruburu anaweza kushukia Mutindwa au Donholm. Mtu wa Tassia au Pipeline anashuka Pipeline.

Kidole cha pete kinakwenda Imara Daima na Syokimau. Wa Mukuru na Imara Daima wanashuka Imara Daima. Wa Mlolongo wanamalizia Syokimau na kuunganisha kwa gari. Upande huohuo kuna pia treni inayofika Lukenya, ng'ambo ya Athi River.

Sasa tahadhari, na hii nimeilipia mwenyewe. Neno "Embakasi" ni kubwa kuliko stesheni ya Embakasi. Sehemu nyingi za mashariki ya Nairobi zinaitwa Embakasi hii au Embakasi ile kwa sababu ya majimbo ya uchaguzi, na kuna mitaa yenye jina hilo ambayo iko mbali na reli ya Embakasi Village. Usiulize "treni ya Embakasi ni ipi?" bali taja mtaa: "Naenda Imara Daima," "Naenda Donholm." Mwenyeji atakupeleka kwenye treni sahihi.

Kosa langu lilikuwa Makadara. Nilikuwa nimetembelea rafiki yangu jirani na pale, nikaamua kupandia treni ya jioni hapo badala ya kurudi mjini. Ikaja, nikaingia, nikabanwa mlangoni, nikampigia dada simu kwamba nipo njiani. Baada ya dakika kadhaa niliona tunapinda kushoto badala ya kwenda mbele. Mzee aliyekuwa ameshika chuma kilekile nilichoshika alinitazama usoni akaniuliza, "Unashuka wapi?" Nikasema Pipeline. Akatikisa kichwa. "Hii ni ya Ruiru. Shuka Dandora, urudi kwa matatu." Tangu siku hiyo, nikiwa Makadara siingii mlangoni kabla sijamuuliza mtu aliye ndani, sauti juu, "Ruiru ama Embakasi?" Abiria wa treni hujibu. Wanajua kwamba pale ndipo watu hupotelea.

Hatua ya nne: jua treni inaelekea wapi saa ngapi

Ukisahau kila kitu kingine kwenye mwongozo huu, baki na hili. Treni za mitaani za Nairobi zimepangwa kwa ajili ya mtu anayeingia kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Asubuhi na mapema zinatoka Ruiru, Embakasi, Syokimau, Kikuyu na Limuru zikiwa zimejaa na kumwaga watu mjini. Jioni zinafanya kinyume. Mchana kati ya hapo safari ni chache sana, na jioni inaanza pale maofisi yanapofungwa.

Wewe unayetoka Kisumu unafika asubuhi ya Jumatatu, na unataka kutoka mjini wakati ambapo mji mzima unaingia. Hapo usitumie mazoea ya wenyeji, nenda dirishani au kwa mfanyakazi aliyevaa sare jukwaani, uulize swali moja lililo wazi: "Treni inayofuata ya kwenda Ruiru inatoka hapa saa ngapi?" Ikiwa jibu ni saa za jioni, una njia mbili. Ya kwanza ni kupanda matatu mara hiyo na kuiacha treni kwa siku nyingine. Ya pili, kwa asiye na haraka na mwenye shughuli mjini, ni kumaliza shughuli zake kwanza halafu kurudi stesheni alasiri kabla msururu haujaanza.

Msururu nao ni wa kweli. Saa 11:30 jioni foleni ya treni ya Embakasi inaweza kujipinda hadi nje ya geti. Mimi hujaribu kuwa ndani saa 11 kamili. Nusu saa ya kukaa kwenye kiti ukisubiri ni bora kuliko saa nzima ya kusimama kwa mguu mmoja.

Jumamosi safari hupungua, na Jumapili usipange safari ya mtaani kwa treni bila kwanza kuhakikisha stesheni. Mgeni anayefika na treni ya Kisumu asubuhi ya Jumatatu na kurudi nayo Ijumaa amebahatika, kwa sababu siku zote mbili ni za kazi.

Hatua ya tano: tiketi

Hii ni fupi. Tiketi ya mtaani haihitaji kukatwa siku moja kabla. Unalipia stesheni unapopandia, nauli ni ya chini kuliko matatu ya saa za msongamano, na haipandi mvua inaponyesha. Weka M-Pesa yenye salio na pia noti ndogo ndogo. Ukishapewa tiketi iweke mahali unapoweza kuifikia bila kufungua begi, maana hukaguliwa njiani au unapotoka. Asiyekuwa nayo hulipishwa tena.

Hatua ya sita: kupanda

Kuna treni za aina mbili, na namna ya kuzipanda si moja.

Ya kwanza ni ile tuliyoizoea tangu utoto: kichwa cha dizeli mbele, mabehewa marefu nyuma. Ngazi zake ziko juu. Kwenye stesheni kuu kuna jukwaa, lakini vituoni huko mbele utakuta mahali ambapo unashukia karibu na ardhi yenyewe, kokoto chini ya kiatu. Mtu mzima mwenye magoti mabaya au mama mwenye mtoto mgongoni asingoje treni isimame ndipo atafute msaada. Amwambie jirani yake mapema, "Tafadhali utanishikia mkono nikishuka Githurai." Sijawahi kuona mtu akikataa.

Ya pili ni zile treni fupi ambazo wenyeji huziita kwa herufi tu, di-em-yu (DMU). Zilizinduliwa Novemba 2020. Serikali ilinunua 11, zikiwa zimeshatumika, kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Watu waliuliza kwa nini tuende kutafuta treni kisiwani kwa watu, na jibu liko kwenye ile hatua ya kwanza: reli ya Mallorca nayo ina upana wa milimita 1,000, sawa na yetu. Treni zilishushwa Mombasa, zikarekebishwa, zikaanza kazi bila kubadilishiwa magurudumu. Injini ziko chini ya sakafu, na dereva ana chumba kila upande.

Hilo la chumba kila upande lina faida ambayo abiria huiona bila kuitambua. Treni ya kawaida ikifika Ruiru, kichwa lazima kifunguliwe, kipite kwenye reli ya kando hadi upande wa pili, kifungwe tena kwenye behewa lililokuwa mkia. Hapo dakika zinakwenda. Di-em-yu ikifika mwisho, dereva anashuka na begi lake, anatembea kando ya treni, anaingia chumba cha upande wa pili, na safari ya kurudi inaanza. Niliwahi kumtazama mmoja akifanya hivyo pale Embakasi: alifuta kioo kwa kitambaa, akaweka chupa ya maji pale anapoiwekaga, akapiga honi. Haikufika dakika tano.

Ndani ya di-em-yu milango hufunguka na kujifunga yenyewe. Usiushike mlango kumngojea mwenzako, na usiweke kikapu kizingitini. Sogea katikati ya behewa, kwa sababu kila mgeni husimama mlangoni akiogopa kupitwa na kituo chake, na matokeo yake mlango unajaa huku katikati kukiwa na nafasi. Vituo si vingi. Ukishaanza kuona kituo kilicho kabla ya chako, ndipo usogee.

Kuhusu mzigo: kikapu, begi, ndoo yenye kifuniko, hivyo vinakubalika kama unaweza kuvibeba mwenyewe na kuvipakata. Gunia la viazi kutoka Molo halina nafasi kwenye treni ya saa 11 jioni. Kama umekuja nalo, lipeleke kwa mkokoteni au kwa gari. Omena ifungwe vizuri ndani ya mfuko mzito kisha ndani ya kikapu. Mama yule alikuwa amefunga mara tatu, na abiria waliomzunguka usiku kucha hawakunung'unika hata mara moja.

Simu iweke mfuko wa mbele. Hasa treni inapopunguza mwendo penye vibanda, asiyekuwa makini hunyang'anywa dirishani.

Na tafadhali, usining'inie mlangoni na usipande juu ya paa. Kuna wazee watakaokusimulia jinsi walivyosafiri juu ya paa la treni ya Kibera au Dandora miaka ile, kana kwamba ilikuwa mchezo. Walioanguka hawapo kusimulia.

Ukiwa njiani

Treni itasimama mahali pasipo na kituo. Usishtuke. Sehemu kubwa ya reli hii ni njia moja tu: inayokwenda na inayokuja hupita kwenye vyuma vilevile, na hupishana pale tu penye reli ya pili kando. Treni yako ikifika mahali hapo mapema lazima ingoje mwenzake. Wenyeji hutumia nafasi hiyo kulala.

Githurai ndipo penye kutazamwa. Soko limesogea hadi kwenye reli yenyewe. Utasikia honi ndefu, na ukiwa dirishani utaona mama anainua turubai lake kwa pembe mbili, nyanya zote zinajikusanya katikati kama mtoto kwenye kanga, anarudi nyuma hatua mbili, treni inapita karibu na magoti yake. Behewa la mwisho halijamaliza kupita na turubai lishatandazwa tena, nyanya zikipangwa nne nne. Inapendeza kuitazama na inaogofya vilevile. Ukishukia hapo, simama kwanza hadi treni iondoke yote, tazama pande zote mbili, ndipo uvuke. Usifuate mwendo wa wauzaji; wao wanaijua saa ya kila treni na wewe huijui.

Msimu wa mvua

Machi hadi Mei, pigia stesheni au mtu anayepanda treni kila siku kabla hujaiweka kwenye mipango yako. Maji yakibeba kokoto zilizo chini ya mataruma, treni haipiti hadi zirudishwe. Mwishoni mwa Aprili 2024 mafuriko yalisimamisha treni za mitaani Nairobi, na waliokuwa wamezizoea walibaki kutembea kwa miguu. Mwezi wa mvua, kuwa na nauli ya matatu pembeni hata kama tiketi ya treni unayo.

Kwa anayeendelea hadi Mombasa

Ukitoka Kisumu kwa treni ya usiku na unaelekea pwani kwa SGR, huna haja ya kutafuta teksi. Kuna di-em-yu inayotoka Stesheni Kuu hadi ndani ya Nairobi Terminus, na saa zake zimepangwa kufuata treni za Mombasa. Ila usikate tiketi ya SGR ya asubuhi hiyohiyo unayofika. Treni ya Kisumu inaweza kuchelewa, na SGR haingoji mtu. Kata ya mchana au ya usiku. Terminus wanakagua mizigo kwa mbwa na kwa mashine, na geti hufungwa kabla ya treni kuondoka, kwa hiyo panda di-em-yu ya mapema kuliko unavyodhani unahitaji.

Na kama mchana huo hujui uutumie wapi, tembea dakika chache kutoka Stesheni Kuu hadi Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Watoto wataona vichwa vya moshi vilivyokuwa vikipanda Mau zamani. Lipo pia lile behewa ambalo simba aliingia mwaka 1900 katika stesheni ya Kima akamuua Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli aliyekuwa amekuja kumwinda. Mimi nilisimama mbele ya dirisha lake kwa muda mrefu. Ni dogo kuliko unavyolifikiria.

Kurudi nyumbani Ijumaa

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Treni ya Kisumu inaondoka mjini jioni, saa ambazo treni za mitaani zinatoka mjini. Kutoka Githurai au Pipeline kuja Stesheni Kuu wakati huo, unakwenda kinyume na zote. Usitegemee treni ya mtaani ikulete. Pima saa tatu kabla: kama treni yako ni ya saa 12:30, saa 9:30 uwe umeshatoka nyumbani, kwa matatu, kwa sababu Ijumaa Jogoo Road na Thika Road hazina huruma. Ukifika mapema sana hakuna hasara. Ndani ya geti kuna mahali pa kukaa, na nje kuna mama anauza chai na mahindi ya kuchoma.

Dada yangu hunisindikiza hadi steji ya Pipeline na kunirudishia mifuko yangu mitupu ya sukuma wiki, imekunjwa vizuri. Naiweka begini chini ya sweta, ili sweta liwe la kwanza kutoka tukianza kupanda kuelekea Limuru.